Tonge Lililokwenda Masumbwe

Siku ya kumaliza matanga ya mume wangu, wanangu walimwaga vifaa vyake vyote juu ya turubai pale uani ili wagawane. Tupa, misumeno midogo, jiliwa, vipande vya pembe za ng'ombe ambavyo havikuwahi kuwa mipini ya visu. Mimi nilikaa barazani nimeegemea ukuta, macho makavu, nikiangalia nani anachukua nini. Najua nilivyosemwa. Tangu mazishi nilikuwa nawasikia wanawake waliokuja kupika, kwa sababu ukuta wa jiko letu ni wa mabati na wao wanadhani bati linazuia sauti. "Mama Mabula hajatoa hata chozi." "Mwacheni, labda limemganda." "Limemganda, au anajua kilichomuua mumewe?" Mwingine akacheka kwa puani. Nilikuwa na kazi ya kuangalia nani kaja na mfuko mtupu akaondoka na mfuko umetuna, na nani kamshika mkono mwanangu wa mwisho muda mrefu kuliko pole inavyohitaji. Ndivyo nilivyo, sikuanza jana. Mume wangu Bundala, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mimi ningefaa kukaa kwenye kizuizi cha barabarani kupekua malori.

Mabula, mwanangu mkubwa, akatoka chumbani kwetu ameshika kisu kidogo. "Mama, hiki cha nani? Kina vumbi la miaka. Na mpini wake mfupi hivi, kilitengenezwa kwa ajili ya mtoto?" Nikamwambia hicho si cha kugawa. Hicho ni ushahidi, kirudishe kwenye msumari wake. Akamtazama mkewe, mkewe akamtazama yeye, nikajua wamekubaliana kwamba mama sasa anazeeka vibaya. Basi naandika mambo ya mwaka ule kisu hicho kilipotengenezwa, kabla hawajaniwahi kusema nimechanganyikiwa.

Mwaka ule nilikuwa bado msichana, nikifanya kazi Mwakitolyo kwenye machimbo ya dhahabu, katika mgahawa wa shangazi yangu Wande. Usifikirie jengo. Zilikuwa nguzo za miti mibichi ambazo nyingine zilichipua majani humo humo ndani, turubai juu, mabenchi ya mabanzi, na meza moja ndefu iliyofunikwa nailoni yenye picha za matunda ambayo hakuna aliyewahi kuyala. Vumbi la mawe yaliyosagwa lilikaa juu ya kila kitu, na wachimbaji walipoingia kutoka shimoni walikuwa weupe hadi kope. Tulipika ugali, dagaa, maharage, na ile mboga ya majani makavu ya kunde tunayoiita nsansa, yenye karanga nyingi. Wachimbaji wanakula haraka na wanaongea zaidi ya wanavyokula. Nilijifunza dunia yote nikiwa nimeinamia sufuria, mgongo kwao, masikio yamesimama. "Duara la Maganga limetema." Duara ni shimo lao, na kutema ni kutoa dhahabu. Wakishasema limetema, swali linalofuata halihusu mwamba hata kidogo. "Alipeleka nini kwa mganga?" "Wanasema mchanga wa unyayo wa mkewe." "Ndiyo maana yule mama anakonda." Kila aliyepata, kuna mtu kachukuliwa nyota yake. Kila aliyekosa, nyota yake imebebwa na jirani. Siku hizi nasikia watoto wanayacheka mambo hayo, halafu nawaona wanavyoficha picha zao kwenye simu zisichukuliwe na watu wasiowajua. Sioni tofauti kubwa.

Shangazi Wande alikuwa na sheria yake: kitu kilichopita mwilini mwako hakitoki nje ya uzio huu. Nywele tukichana tunachoma. Maji ya kuoga tunamwaga wenyewe. Hata mfupa uliouguguna unautupa motoni kwa mkono wako. Nilizishika sheria hizo kama wengine wanavyoshika amri za kanisani, na sikuona ajabu yoyote.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote pale mgahawani kilikuwa kisu. Shangazi alikinunua mnadani, bapa lake limechongwa kutoka springi ya lori, na karibu na mpini lilichorwa jicho dogo. Watu wote walijua jicho lile ni alama ya Mzee Kashindye wa Masumbwe. Visu vya dukani vilikuwa vinapinda kwenye mfupa wa mbuzi mpaka unaona aibu kwa ajili yake. Hiki kilipita kwenye kiungo bila kelele, na ukikinoa asubuhi kinakufikisha jioni. Nilikuwa nasema mbele za watu kwamba nikipata nauli na siku ya mapumziko, naenda Masumbwe kuona kiwanda kinachotoa kitu hiki. Kasoro ilikuwa moja tu. Mpini ulikuwa umepasuka, tumeufunga kwa mpira wa baiskeli, na ule mpira ulinitoa malengelenge chini ya vidole.

Ndipo akaingia Bundala. Kijana mrefu, shati limepigwa pasi, akaagiza ugali na dagaa, akakaa upande niliokuwa nakatia nyama. Akakitazama kisu kabla hajanitazama mimi, jambo lililonikera kidogo.

"Hicho ni cha kwetu," akasema.

"Kwenu wapi?"

"Masumbwe, kwa Mzee Kashindye. Nafanya kazi pale. Sasa hivi nazunguka minadani nauza."

Nikaitazama mikono yake. Mtu anafua chuma na hana hata kovu moja la moto? Nikamwekea alama ya kwanza moyoni: mwongo. Aliendelea kula huku macho yake yako kwenye kiganja changu, si usoni, si kwingine ambako wanaume hutazama. Alipokaribia kumaliza akamega tonge kubwa kutoka upande wa sahani ambao hajaugusa, akaninyooshea.

"Dada, samahani. Hebu lifinye hili kwa mkono wa kulia. Lifinye kama umeshika kisu."

Wateja walikuwa wanaita, sufuria inafurika, na mimi nilitaka tu aniache. Nikalifinya. Akalichukua taratibu kwa ncha za vidole, akalizungushia kipande cha gazeti, akalitia mfuko wa shati, akaaga, akatoka. Mzee mmoja mchimbaji aliyekuwa anaitwa Gamba akaweka kijiko chini. "Binti," akasema, "umekwisha. Nyota yako imepanda lori."

Shangazi aliporudi sokoni alikuta habari imemtangulia. Hakunipiga. Alikaa kwenye benchi akashika kichwa. "Minza! Umempa mwanaume usiyemjua chakula chenye alama za vidole vyako? Na akaondoka nacho? Wewe una akili gete, akili za kweli?" Wiki iliyofuata nikapata homa. Nilipopona nikaunguza maharage, mimi ambaye sikuwahi kuunguza. Mgahawa mwingine ukafunguliwa mbele yetu na wateja wakahamia huko. Halafu duara moja ambalo watu walishalikatia tamaa likatema, na mwenye duara hilo ndiye aliyekaa benchi moja na Bundala siku ile. Watu wakaja kunitazama. Wananitazama, wanatikisa kichwa, wanakwenda kula kwa jirani.

Juu ya hayo yote akaja mshenga. Mzee mstaarabu, kofia mkononi, katumwa kutoka Masumbwe: kijana Bundala anamtaka Minza, na wazee wake wanaomba jibu ili waanze safari ya kuzungumza habari za ng'ombe. Shangazi alimkaribisha maji, akamwambia jibu litakuja. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la gunia, na aibu yangu nitaisema: nilifurahi. Na furaha hiyo ndiyo iliyonitisha kuliko homa. Mtu nimemwona mara moja, nikamwita mwongo moyoni, mbona nimekuwa nikimwota tangu hapo? Hiyo furaha ni yangu, au imepikwa mahali kutoka kwenye tonge lile? Ukiwa msichana hakuna anayekufundisha namna ya kutofautisha. Nilimwuliza shangazi waziwazi. Akasema, "Hatujibu kitu. Tunakwenda wenyewe kama wanunuzi. Tukilikuta tonge, tunalichoma. Likishaungua, ndipo utajua kama bado unamtaka." Kwangu mimi huo ulikuwa mpango wenye akili, na hata leo sijaona mpango bora.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye kiwanda nilichokiota, moyo ukiwa umejaa sumu. Nilikuwa nimejenga kichwani geti, bomba la moshi, na mlinzi mwenye rungu. Tulikuta nyumba ya tofali za kuchoma na ubao uliopakwa kwa mkono, KASHINDYE VISU, MAKAO MAKUU NA DUKA LA KIWANDA, na jicho limechorwa kila upande. Dukani visu vilining'inia kwa kamba kutoka darini, vya jikoni, vya kuchunia ngozi, vya kukatia tumbaku, na upepo ukipita vinagongana polepole. Nikasahau kwa muda kilichonileta. Nilinyoosha mkono nikagusa kimoja, na ubaridi wake ukanipanda mpaka begani.

"Usiguse kabla hujasema unatoka wapi." Sauti ilitoka nyuma ya waya wa kaunta. Alikuwa mke wa Mzee Kashindye, Mama Ngolo, mwanamke mnene mwenye jicho la kupima watu.

"Shikamoo mayu," nikasema, yaani mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Mnatoka wapi?"

"Mwakitolyo," shangazi akajibu. "Tunataka kisu."

"Mwakitolyo ni mbali kwa kisu kimoja. Mmetumwa na nani?"

Kumbe nao walikuwa na yao. Walishaingiliwa na watu waliojifanya wanunuzi, wakachora jicho kwenye karatasi, na baada ya hapo mnadani vikajaa visu vya bati vyenye alama ya Kashindye. Kwa hiyo yeye alituona sisi wezi na sisi tulimwona yeye mchawi, tukawa tunatabasamiana pale kwa adabu kubwa. Akatuingiza chumba cha pembeni tusubiri, akaleta sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, pamoja na karanga na maziwa ya mgando. Njaa ilikuwa inatuuma. Shangazi akanikanyaga mguu. "Tumeshiba, mayu," akasema. Mama Ngolo akaitazama sahani, akatutazama sisi, akatoka. Tukamsikia anasema na mtu upande wa pili wa ukuta.

"Wamekataa kula."

"Ni kina nani?"

"Huyu mdogo ana lengelenge kiganjani. Mimi nadhani ndiye yule wa tonge."

Shangazi alinishika mkono akanifinya mpaka nikauma mdomo. Wa tonge! Wananijua. Hakungoja tena. Akainuka, akasukuma mlango wa nyuma, nami nikamfuata.

Uani kulikuwa na mafundi wanapuliza mivukuto na wengine wanagonga chuma chekundu, jasho linawatiririka, kila mmoja ana makovu ya moto mikononi. Kwa Bundala, hapakuwa na moto. Yeye alikuwa kwenye kibanda cha pembeni, amekaa chini, pembe ya ng'ombe imebanwa kwenye jiliwa na anaipiga tupa. Nyuma yake, ukutani, kulikuwa na rafu. Na juu ya rafu hiyo, ewe Mungu wangu, ilipangwa mikono ya watu. Si mikono yenyewe, ila mafinyo yake. Mabonge ya udongo yaliyokauka, kila moja na matuta ya vidole vya mtu, vikubwa, vyembamba, na bonge moja lenye kidole pungufu. Na katikati ya udongo ule mwekundu lilikaa bonge moja jeupe, limepasuka, nyufa zake zimezibwa kwa nta. Nililitambua kabla shangazi hajalitambua. Nilihisi mkono wangu wa kulia unapoa.

"Wachawi nyie!" Shangazi Wande aliwahi rafu kabla Bundala hajasimama, akalinyakua tonge. "Mnakusanya nyota za watu mnazifulia visu!"

"Shangazi, shikamoo, tafadhali usilivunje, hicho ndicho kipimo changu!"

Neno "kipimo" halikumfikia. Alivuka uwanja kwa hatua ambazo sikujua anazo, akalitupa tonge kwenye makaa ya mhunzi. Lilitoa moshi mweupe, tukasikia harufu ya ugali ulioungua, halafu nta ikawaka. Nyundo zote zikasimama. Mzee Kashindye mwenyewe, mtu mfupi aliyekuwa kiziwi kidogo kwa sababu ya kugonga chuma, akauliza kwa sauti, "Nani anapika humo?"

Mama Ngolo ndiye aliyesema, na hakusema kwa upole. Alisema hapa mnunuzi akitaka mpini wa kwake anapewa udongo wa kichuguu, anaufinya, na fundi wa mipini anachukua kipimo siku hiyohiyo udongo ukiwa mbichi. Ndiyo kazi yao miaka yote. Kipimo kinachorwa mgongoni mwa bonge, nalo linabaki rafuni ili mpini ukivunjika mtu asihangaike kurudi. "Sasa huyu mpumbavu wetu," akasema akimnyooshea Bundala kidole, "akaenda mnadani bila udongo. Akaona binti ana lengelenge, akaona huruma, akaona ugali. Ugali! Ungesema neno kwa huyo mtoto wa watu, ungekufa?"

"Nilitaka iwe zawadi," Bundala akasema. Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

Mimi sikuridhika. Maneno mazuri kila mtu anayo. Nikamwambia kama alichukua kipimo, basi kazi yenyewe iko wapi? Akaingia kibandani akatoka na kisu kimefungwa kitambaa. Bapa lilikuwa zuri kuliko la shangazi, jicho limekaa mahali pake, mpini wa pembe nyeusi yenye mshipa mweupe, umesuguliwa mpaka unang'aa. Watu wote pale uani walikuwa wananitazama mkononi. Nikakishika.

Hakikunienea. Vidole vitatu vilipata mahali, cha nne kikabanana, na kidole cha mwisho kikabaki nje kinaning'inia hewani. Mama Ngolo akapiga kofi paja lake. "Umepima limeshakauka! Umezunguka nalo mfukoni minada yote hiyo, limesinyaa, ndipo ukalipima! Bundala!" Mafundi wakaangua kicheko. Mzee Kashindye akauliza tena kuna nini. Bundala alisimama pale uso umemwiva, unga wa pembe nyeusi umemkaa kwenye nyusi, na sijawahi kuona mtu amefedheheka vile kwa sababu ya kazi ya mikono yake.

Nilimchunguza. Kwa jinsi nilivyo, nilimchunguza kutoka juu mpaka chini. Mtu wa kuloga hakosei. Mwongo naye angekuja na mpini ulionyooka wa kumfaa yeyote. Huyu alikuwa amekosea kwa uaminifu kabisa, akafuata kila tuta la kidole changu, moja baada ya jingine, kwenye kitu kilichokwisha kusinyaa.

"Haya, Minza," shangazi akasema mbele ya watu wote, bado anahema. "Tonge limeungua. Sema. Bado unamtaka?"

Nilingoja. Nilingoja kama unavyongoja kichwa kiache kuuma baada ya kumeza dawa, niione ile furaha ikitoka. Makaa yalikuwa yameshalimaliza tonge, hata moshi haukuwepo. Furaha ilikuwa pale pale.

"Bado namtaka," nikasema.

Tuliporudishwa kwenye kile chumba cha pembeni, Shangazi Wande alikaa mbele ya sahani. Akachukua tobolwa moja, akalinusa, akalitafuna. Kisha akavuta sahani yote upande wake.

Hayo ndiyo ya mwaka ule. Tuliolewa, maana naweza kusema sote wawili tuliolewa na kile kiwanda. Tuliishi Masumbwe, nikauza kwenye duka lile nyuma ya waya, na baada ya Mama Ngolo kuchoka mimi ndiye niliyewauliza wageni wanatoka wapi. Usidhani niliacha kumshuku mume wangu. Akichelewa mnadani nilinusa shati. Akinyamaza sana niliuliza anafikiria nani. Na kila tulipokosana nilikuwa nanyoosha kidole kwenye msumari juu ya mlango, kilipokuwa kimetundikwa kile kisu. "Ushahidi ule pale kwamba hujui kunipima." Mara nyingi aliniomba akibadilishie mpini, kazi ya siku moja, nikakataa. Mwishowe akaacha kuomba. Akawa anasema tu, "Kiache. Kitakuenea." Namwuliza, "Lini? Nikirudi utotoni?" Anacheka, anaendelea kupiga tupa. Nilidhani ananikejeli, na siku moja nilimnunia kutwa nzima kwa ajili ya neno hilo.

Basi ile siku ya kugawana, wanangu walipomaliza na turubai likabaki tupu, niliingia chumbani peke yangu. Mabula alikuwa amekirudisha kisu kwenye msumari kama nilivyomwagiza. Nikakishusha nikifute vumbi. Siku hizi mikono yangu imekonda, ngozi imelegea kwenye mifupa, vidole vimejikunja kidogo na havikunjuki vizuri asubuhi. Nikakishika mpini kwa mkono wa kulia. Kidole cha kwanza kikapata tuta lake, na cha pili, na cha tatu, na cha nne. Kidole cha mwisho nilikitafuta hewani mahali kilipozoea kuning'inia, hakikuwepo. Kilikuwa kimekaa kwenye pembe, mahali pake.

"Bundala," nikasema, "ulijua?"

Nikalia. Nililia kwa sauti mpaka wale wanawake wa jikoni wakanyamaza upande wa pili wa bati, na safari hii sikujali wanasema nini. Nilipomaliza nikaenda jikoni na kisu changu, nikawaambia wanipishe, nikavuta kigoda, nikasogeza karai la viazi, nikaanza kumenya.